Chumba cha Chausiku

Rumonge. Jumamosi, mwezi 1 Mfungo Tano, mwaka 1328, ambao Wadachi wanauita 1910.

Mwalimu wangu wa Ujiji amehamia Tabora na mumewe, darasa letu limevunjika. Siku ya kuagana aliniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau. Basi mimi Esha binti Alimasi naanza leo. Nimekaa nyuma ya nyumba ya kaka yangu Amisi, na ardhi bado inanichezea miguuni kama niko ndani ya mashua.

Nimekuja kusoma kwa Bi Kulthumu. Anawafundisha wanawake watu wazima fiqhi na nahau, na upande huu wa ziwa sijasikia mwingine. Mume wangu alifia kwenye upagazi mwaka juzi, mtoto hatukujaliwa. Amisi alisema, "Ukitaka kusoma, soma. Lakini utakaa kwangu." Yeye ni mchuuzi wa mawese.

Mvua tangu adhuhuri.

Jumatatu, mwezi 3.

Nimekwenda darasani. Bi Kulthumu ni mfupi, sauti yake ndogo, lakini akifungua mdomo hata kuku wa uani wananyamaza. Aliniuliza nimefika wapi. Nikasema mlango wa ndoa. Akanirudisha kwenye twahara, akaniuliza hili na lile. La kwanza nilijibu. Yaliyofuata niliyababaisha.

"Ujiji mlisoma mbiombio," akasema. "Hapa utaanza tena twahara."

Miaka miwili yangu imekwenda hivyo hivyo. Nyuma yangu kuna mtu alicheka, sikugeuka kumtazama.

Jumatano, mwezi 5.

Nimechelewa darasani. Mvua.

Jumamosi, mwezi 8.

Nimechelewa tena. Simlaumu wifi yangu Asiya. Ananyonyesha pacha, mikono yake haimtoshi. Lakini asubuhi kuna muhogo wa kutwanga, kisha maji ya mtoni, kisha mashada ya chikichi ya kuchemsha, na nikishika kitabu tu ananiita kwa upole, "Wifi, nishikie huyu kidogo." Kidogo yake ni mpaka adhuhuri.

Bi Kulthumu aliniambia mbele ya wenzangu: "Ukichelewa mara nyingine, baki huko huko. Au uhamie kwangu. Uani kuna banda la wanafunzi. Njoo uangalie, uchague."

Jumapili, mwezi 9.

Nimekwenda kuangalia. Banda lina vyumba viwili, jiko liko pembeni limegusana na chumba kidogo.

Chumba kikubwa wanakaa Wema na Sharifa. Wema ni wa Magara, binti wa mwuza samaki, mrefu, anavaa kanga yake kama bibi harusi hata akienda kuteka maji. Ndiye aliyenicheka. Sharifa ni mnene, mchangamfu, anakula huku anasimulia. Wanazungumza Kiswahili cha huku, hiki cha "mutoto" na "muke", na mimi nikisema wananiiga. Wema ananiita Mujiji.

Chumba kidogo anakaa Chausiku peke yake. Nilichungulia. Jua lilikuwa limesimama utosini, naye amelala kifudifudi juu ya mkeka, viatu vya mti bado viko miguuni.

Wema alinivuta mkono. "Mule usiingie. Yule ni muvivu. Kila siku iko nalala. Ukikaa naye utakuwa kama yeye."

"Na sisi tuko na nafasi," akasema Sharifa. "Kama hupigi teke usingizini."

Nimechagua chumba kikubwa. Asiya alilia kidogo. Amisi aliuchukua mkeka wangu mwenyewe, akanifikisha mpaka mlangoni.

Jumatano, mwezi 12.

Sijachelewa.

Ijumaa, mwezi 14.

Hakuna darasa. Sharifa amenifundisha kupika ndagala, dagaa wa ziwa hili, na mawese kwa namna ya kwao, na mimi nimemsuka. Wema alikaa mbali akishona kofia, lakini nilipomaliza nywele za Sharifa alikuja akaketi mbele yangu bila kuomba. Nimemsuka na yeye. Alipoondoka alinishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, Mujiji." Nimefurahi kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Jumapili, mwezi 16.

Chausiku amelala darasani. Si kusinzia. Kitabu kilimtoka mkononi. Bi Kulthumu alimwita mara kadhaa, na alipoamka alimjibu kwa ukali, tena mwalimu! Kisha akashangaa kama aliyesikia maneno hayo kwa mtu mwingine. Wema alisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Uvivu tu."

Wote walicheka, nikacheka na mimi.

Jumatano, mwezi 19.

Daktari Mdachi amekuja na askari wake. Kila mtu atoke nje, ajipange mstari. Wanatafuta malale. Ugonjwa wenyewe unaletwa na mbung'o wa vichakani kando ya mto, ndivyo wanavyosema, na dalili yake ni vivimbe nyuma ya shingo. Wanaume aliwashika daktari mwenyewe, sisi tulishikwa na mke wa askari mmoja, nyuma ya pazia la turubai. Mwenye vivimbe anadungwa sindano, anapelekwa kambini, juu kwenye njia ya Minago. Watu wanasema aliyepanda huko hashuki.

Wanawake wengi walikimbilia michikichini. Mimi nilisimama, nikashikwa, nikaachwa. Jioni tuliporudi uani niliona Chausiku hakuwa na tope la barabarani miguuni, bali majani makavu kichwani. Sikuuliza.

Jumatatu, mwezi 24.

Mvua kubwa. Mto umefurika. Darasa lilikuwa la watu watatu.

Jumanne, mwezi 25.

Leo nusura tuungue.

Ilikuwa zamu ya Chausiku kupika. Sisi tulikuwa darasani. Sharifa ndiye aliyenusa, akatoka mbio, sote nyuma yake. Chausiku alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya moto, kichwa magotini, na juu yake nyasi za paa la jiko zinawaka. Alikuwa amelala! Wema alimburuta kwa mabega. Sharifa na mimi tulimwaga maji ya mtungi, kisha maji ya kufulia, kisha tope. Paa lilikuwa limelowa kwa mvua ya jana, ndilo lililotuokoa. Jiko limekwenda nusu. Chumba kidogo kimeungua pembe moja tu.

Chausiku alisimama uani akitutazama. "Nani ameweka moto?" akauliza.

Bi Kulthumu alitukusanya. Alisema atamrudisha Chausiku kwao Minago, kwa mke wa baba yake. Nilimtazama Wema. Nilijua atasema, afadhali. Wema akasema:

"Hapana, mwalimu. Mumwache. Zamu zake za kupika nitafanya mimi."

"Wewe? Si wewe unayenung'unika juu yake kila siku?"

"Ni muvivu," akasema Wema. "Muvivu hafukuzwi. Anafundishwa."

Mwalimu alikubali kwa sharti moja, Chausiku asikae peke yake. Mmoja wetu ahamie chumba kidogo amwangalie. Sharifa alitazama chini. Wema alisema hapana, akalisema upesi sana, akarudi nyuma hatua. Basi nikatumwa mimi mgeni.

Jumatano, mwezi 26.

Nimehama. Chumba kinanuka moshi.

Jumamosi, mwezi 29.

Nilimdhania vibaya. Anapokuwa macho, na huwa macho asubuhi mapema, Chausiku anajua kuliko sisi sote. Mlango wote wa twahara umo kichwani mwake. Aliona ninahangaika nao, akasema, "Weka kitabu chini, wewe sikia." Akausoma kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama anambembeleza mtoto, nami nikarudia. Nilichokuwa nakisoma tangu nifike kimeingia asubuhi moja.

Sauti yake ni nzuri mno. Nilimwambia. Alisema mwaka jana ndiye aliyesoma Maulidi ya wanawake, na watu walitoka mpaka Kabezi kuja kusikia.

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu pia, Mungu akipenda." Kisha akaanza kulia bila sababu, kisha akalala.

Jumatatu, mwezi 2 Mfungo Sita.

Anajikuna mpaka damu. Ana homa inayokuja na kuondoka. Hali chakula vizuri.

Jumatano, mwezi 4.

Leo asubuhi aliniomba nimsuke kwa ajili ya Maulidi. Nikagawa nywele, nikainamisha kichwa chake. Vidole vyangu vikaviona kabla ya macho. Vivimbe nyuma ya shingo, upande huu na upande huu, kama maharage chini ya ngozi.

Niliacha kusuka. Hakugeuka.

"Umevishika," akasema.

"Nimevishika."

"Tangu mwezi wa Ramadhani viko. Esha, usiseme."

"Chausiku, huu ni ugonjwa wa kufa."

"Najua ni wa nini. Nikienda kule juu sitasoma Maulidi. Niache nisome. Nikishasoma, fanya unavyotaka."

Nilimaliza kumsuka. Mistari imekwenda kombo. Nimemwahidi. Sijui kama nimefanya vizuri au vibaya, na hapa hakuna wa kumuuliza.

Jumamosi, mwezi 7.

Nimekwenda kwa Amisi kumsalimia. Nilimkuta Idi, mpiga makasia wake, anaziba mashua. Asiya aliniambia Idi alikaa kambini karibu mwaka mzima. Nilikaa karibu naye nikajifanya naangalia kazi.

"Kweli ulidungwa?"

"Nilidungwa mpaka nikachoka kuhesabu. Ile dawa iko kali, mama. Macho yalinisumbua sana. Kuna wenzangu wamekuwa vipofu, kuna tuliowazika." Akapiga nyundo yake. "Lakini mimi nilienda mapema, nikiwa bado natembea. Basi niko hapa."

Jumapili, mwezi 8.

Mvua. Chausiku amesinzia tangu asubuhi.

Alhamisi, mwezi 12.

Maulidi yalisomwa baada ya sala ya alasiri, uani kwa Bi Kulthumu, chini ya turubai. Wanawake walijaa mpaka barabarani. Udi, maji ya waridi, watoto mgongoni. Asiya alikuja na pacha wote wawili.

Chausiku aliketi katikati, kanga nyeupe. Mchana kutwa nilimwagia maji usoni ili asilale. Alipoanza, uani pakawa kimya. Sitaandika jinsi alivyosoma, sina maneno hayo. Mama mmoja mzee mbele yangu alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, na hafichi.

Alifika karibu na mahali pa kusimama, pale wote wanapomsalia Mtume. Sauti ikapungua, ikawa kama mtu anayeondoka huku anazungumza, ikakatika. Mdomo wake ulibaki wazi. Watu walingoja. Kisha mmoja akacheka, wa pili akacheka, kile kicheko cha haya. Mimi nilishindwa hata kuinuka.

Wema ndiye aliyeinuka. Alivua mtandio wake, akamtupia Chausiku mabegani bila kumgusa, akapokea pale pale alipoachia. Sauti ya Wema ni kavu na haina mapambo. Alisoma mpaka mwisho.

Watu walipoondoka nilimfuata Wema nyuma ya jiko lililoungua. Nilimwambia yote kwa mkupuo, shingo, homa, ahadi. Hakushtuka.

"Nilijua kabla yako," akasema.

"Ulijua? Na kila siku unamwita mvivu?"

"Ningesema ni mugonjwa, askari wangemubeba. Nilisema ni muvivu. Muvivu habebwi." Alikuwa anasokota pembe ya kanga. "Dada yangu mukubwa alikuwa hivi hivi, kule Magara. Kulala, kulia, kukasirika. Baba akamupeleka kwa Wadachi. Tulimuzika hata mwezi haujaisha. Ndiyo maana nilikuambia usiingie chumba kile. Ndiyo maana na mimi siingii. Naogopa, Esha. Namupenda na namuogopa."

Nilimuuliza, "Dada yako alipopelekwa, alikuwa bado anatembea?"

Aliiachia pembe ya kanga. "Alibebwa kwa machela. Alikuwa hawezi hata kumeza uji."

Nikamwambia habari za Idi. Sikuongeza, sikupunguza. Nilimwambia na habari za macho.

Ijumaa, mwezi 13.

Nimemwambia Chausiku vile vile nilivyomwambia Wema. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Nilidhani atanitukana.

"Kule juu kila mgonjwa anakwenda na mtu wake," akasema. "Wa kumpikia na kumfulia. Mimi yule mama wa Minago hatakuja. Nani atanipikia?"

"Mimi."

"Na darasa?"

"Darasa litakuwepo."

"Wewe mutu wa Ujiji," akasema, "huna akili." Kisha akaniomba nimfungie vitu vyake.

Jioni tulikwenda kwa Bi Kulthumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Watanivunjia nyumba," akasema. "Watasema chuo changu kina malale." Kisha akafunika uso kwa mikono. Sijawahi kumwona hivyo. "Nimemwona analala mbele yangu tangu Ramadhani. Nilikuwa sitaki kujua."

Jumamosi, mwezi 14.

Tumepanda kambini. Mwalimu alitusindikiza yeye mwenyewe, akajibu maswali ya askari kwa ile sauti yake ndogo. Daktari alimtoa Chausiku maji ya shingoni, akayatazama kwenye kioo chake cha kukuzia, akatikisa kichwa kuafiki. Tumepewa kibanda cha nyasi mwisho wa mstari. Majirani zetu ni mzee wa Kirundi na mkewe. Mkewe alituletea moto. "Amahoro," akasema, yaani amani, na hatukuwa na lugha zaidi ya hiyo.

Jumapili, mwezi 15.

Sindano ya kwanza. Ametapika.

Jumanne, mwezi 17.

Amisi amekuja. Alisimama nje ya boma, hakuingia. Alisema kwa sauti ya kusikika mbali kwamba nimemwaibisha, kwamba kesho mashua inakwenda Ujiji na mimi nitakuwamo. Nikamwambia sitakuwamo. Alisimama kidogo mvuani. Kisha akaweka kikapu chini, akageuka. Ndani yake mlikuwa na ndagala, unga, na kibuyu cha mawese kilichofungwa kwa kitambaa cha Asiya.

Jumatano, mwezi 18.

Mvua. Kibanda kinavuja.

Jumapili, mwezi 22.

Sindano. Mzee jirani amekufa alfajiri. Mkewe anakunja mkeka wao.

Alhamisi, mwezi 26.

Sharifa amekuja mpaka langoni na habari. Amri imetoka, vichaka vyote kando ya mto vikatwe, na nyumba zilizo karibu na maji zihame. Nyumba ya Bi Kulthumu imo. Mwalimu hakubishana. Ameomba kiwanja juu, si mbali na hapa, na wanafunzi wote wanabeba miti.

"Na Wema?" nikauliza.

"Wema anabeba kama punda. Lakini nikimwambia tuje huku, anasema kesho."

Jumapili, mwezi 29.

Mchana wote Chausiku hakulala. Mchana wote! Tulichambua mchele wa jirani mpya, tukasoma, tukagombana juu ya chumvi. Nilikuwa namtazama kama mtu anayetazama mtungi uliojaa mno.

Alhamisi, mwezi 3 Mfungo Saba.

Anasema jicho la kushoto lina ukungu. Nilimwambia daktari. Alimfunika jicho moja moja, akamwonyesha vidole. Amepunguza dawa. Mfasiri alipomuuliza kama ukungu utaondoka, daktari alisema hajui. Nilishukuru kwa kuwa hakudanganya. Kisha nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia, maana ni mimi niliyemleta.

Chausiku alinikuta. "Unalilia nini? Mimi niko macho."

Jumatatu, mwezi 7.

La kulia nalo linafifia. Anatembea ameshika bega langu.

Jumatano, mwezi 9.

Wema amekuja. Hakukaa langoni. Aliingia mpaka kibandani, amebeba chungu cha samaki wa mukeke, uso umekauka kwa woga. Aliketi mlangoni. Chausiku aliuliza nani huyo.

"Ni mimi."

"Nimesikia ulinimalizia Maulidi," akasema Chausiku. "Ulisoma vibaya?"

"Vibaya sana."

"Njoo Ijumaa nikufundishe."

Ijumaa, mwezi 11.

Amekuja.

Jumamosi, mwezi 19.

Mvua zimepungua. Daktari amemruhusu Chausiku alale nje ya kambi, mradi siku za sindano apande. Uvimbe wa shingo umeshuka. Macho, anaona mwanga na mtu akipita mbele yake, zaidi ya hapo hapana. Hakuna anayeweza kutuambia kama ugonjwa umetoka au umejificha.

Jumatatu, mwezi 21.

Tumehamia nyumba mpya ya Bi Kulthumu. Nyasi hazikutosha, kwa hiyo banda la wanafunzi ni chumba kimoja kirefu. Asiya alikuja kusaidia kukandika. Amisi alileta mlango, akaufunga, akaniuliza kama nina haja ya kitu, nikasema sina, akaondoka. Kati yetu bado hakujanyooka.

Nilimwingiza Chausiku ndani. Mikeka miwili ilikuwa imekwisha kutandikwa upande wa mlango, penye hewa, imegusana.

"Huu ni wake," akasema Wema. "Huu ni wangu. Nimeshaweka. Wewe Mujiji, utalala wapi?"

Sharifa na magunia yake walikuwa wameshika kona nzima. Palibaki mahali pamoja tu, kando ya ukuta ambao ni mbichi bado. Nikatandika mkeka wangu, nikaegemea, na tope lote likanibaki begani. Sharifa alicheka mpaka akakaa chini. Wema naye akacheka.

"Nini?" Chausiku akauliza, anageuza uso huku na huku. "Munacheka nini?"

Wema akamshika mkono, akauleta mpaka begani kwangu ili auguse mwenyewe.